Amplifaya Laini ya Profesa

Mume wa mdogo wangu hakuwa mtu mbaya. Naliweka hilo mwanzoni kabisa, maana nikishaanza kusimulia nitalisahau, na mdogo wangu mwenyewe hapendi kulisikia. Hakulewa, hakumpiga mtu, mshahara wake ulifika nyumbani. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alijiona ana masikio kuliko binadamu wengine wote, na watu wakamkubalia.

Walimwita Profesa. Shule aliiachia darasa la saba, lakini kwetu cheo cha namna hiyo hakitolewi na chuo, kinatolewa na wanaume wanaokaa kwenye benchi la kinyozi. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine katika kiwanda cha misumari. Alisimamia mashine nne, zile zinazovuta waya, zinaukata, zinaugonga kichwa na kutema msumari, na hazipumziki. Siku moja nilimpelekea ufunguo aliousahau, nikasubiri mlangoni robo saa. Nilipotoka nilimuaga mlinzi kwa kupiga kelele, na mlinzi alikuwa hatua moja mbele yangu. Profesa alikaa humo ndani miaka ishirini na tisa.

Kiwanda kiligawa vizibo vya masikio, vidude vya mpira laini. Yeye hakuvivaa hata siku moja. Alisema, "Hivi ni vya watu wenye masikio ya kawaida. Mimi nikiyaziba haya yangu, yatasahau kazi." Alivitia mfukoni akaja navyo nyumbani, jozi baada ya jozi, vikajaa kwenye kopo juu ya kabati. Aliyekuja kuvitumia ni mke wake, tena nyumbani kwake mwenyewe, lakini hapo sijafika.

Kazi aliyoyatunzia masikio yake ilikuwa ya Jumamosi. Mtaani kwetu hakuna aliyenunua amplifaya bila Profesa kuionja. Ndivyo walivyosema, kuionja, kama supu. Mtu akipata fedha zake humpitia Profesa asubuhi, wanakwenda pamoja dukani, Profesa amenyoosha shati na kupaka viatu rangi. Anakaa kwenye kiti cha katikati, anafumba macho, anainua kidole kimoja hewani. Muziki unapigwa. Kidole kikibaki juu, amplifaya inarudishwa kwenye rafu. Kidole kikishuka taratibu mpaka kwenye paja, mtu anatoa fedha. Malipo yake yalikuwa soda baridi na heshima, na ile heshima aliinywa mpaka tone la mwisho.

Mdogo wangu ni mshonaji. Mimi nina duka la vitambaa. Nakata nauza, na wateja wangu nawapeleka kwake wakashonewe, kwa hiyo siku haipiti bila kuonana. Cherehani yake aliiweka sebuleni, chini ya dirisha kubwa, kwa sababu ndipo penye mwanga, na mshonaji wa sare za shule akikosa mwanga anashona mfuko badala ya kola. Alikaa pale tangu alipoolewa. Watoto wake wote walijifunza kutembea kwa kushika meza ya ile cherehani.

Sasa, sebule ile ni sakafu ya vigae, kuta za saruji, kabati la vioo na paa la bati. Ukikohoa, kikohozi kinazunguka kabla ya kutoka. Ndani ya chumba hicho Profesa aliweka amplifaya na spika mbili zinazomfika mtu kifuani. Mwanzoni haikuwa shida. Amplifaya ya kwanza ilikuwa na sauti nzuri, nzito, ya upole, na mdogo wangu alishona huku akiimba. Kisha, kama miaka kumi na mitatu iliyopita, Profesa akaanza kuilalamikia. "Imechoka. Inaimba kama imejifunika blanketi." Akaiuza, akaleta nyingine yenye makali zaidi. Baada ya miaka mitatu hiyo nayo akaona imejifunika blanketi. Akaleta ya tatu.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtoa mdogo wangu sebuleni. Kila mwimbaji akitamka neno lenye "sa" au "sha", ilikuwa kama maji yaliyodondokea kwenye mafuta ya moto. Matoazi ya ngoma yalikata kama mkasi. Mtu aliyeingia kwa dakika tano alisifu: kila kitu kinasikika, kila chombo kiko peke yake! Ni kweli, kwa dakika tano sauti ya namna hiyo inapendeza. Ukikaa nayo saa nzima, mabega yanapanda, meno yanauma, unajikuta umemfokea mtu bila sababu na hujui umechoshwa na nini. Mdogo wangu alikwenda hospitali akapewa vidonge vya kichwa, akapimwa macho, akanunuliwa miwani. Kichwa kikaendelea kugonga. Mwishowe akaibeba cherehani akaihamishia kibarazani nyuma ya jikoni, penye kivuli cha ukuta, akaanza kutoa vile vizibo kwenye kopo.

Na Profesa, badala ya kuona aibu, akamfanya kichekesho. Wageni wakija anasema, "Mama watoto mtamsamehe, hakai na sisi. Ana masikio ya kuku, muziki mzuri unamwumiza." Wageni wanaangua kicheko. Siku za mwanzo mdogo wangu alicheka nao. Baadaye alileta chai, akaweka sinia, akaondoka. Miaka kumi hiyo, jamani, si wiki. Mimi nilimwambia Profesa mara nyingi, kwa utani wa shemeji na shemeji, kwamba siku moja nitaitumbukiza hiyo redio yake kwenye pipa la maji. Alicheka, akaniambia na mimi niko kwenye kundi la kuku.

Kisha akastaafu. Kiinua mgongo kikaja, na siku hiyo hiyo akatangaza mbele ya chakula kwamba atanunua amplifaya ya mwisho ya maisha yake. Si ya kelele, alisema, yeye si kijana. Anataka yenye sauti laini, isiyochosha sikio, aisikilize kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kuchoka.

Mke wake katika maneno yote hayo alisikia manne tu: kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kesho yake alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya robota la vitambaa.

"Dada," akasema, "akiileta hiyo anayoitaka, mimi naenda kukaa kwa binti yangu."

"Utamwacha mume kwa sababu ya redio?"

"Simwachi. Namwachia redio. Mimi sina chumba tena katika nyumba ile. Jikoni nasikia, kibarazani nasikia, chooni nasikia. Nimechoka, dada."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Nikamwambia atulie, Jumamosi nitafuatana na huyo mume wake mpaka dukani, na nikirudi, kitakachoingia nyumbani kwake ni kitu kinachokaliwa na binadamu. Niliapa kabisa.

Jumamosi tukaenda. Duka lile lina chumba cha nyuma chenye zulia na mapazia mazito, cha kusikilizia. Mwenye duka ni mwembamba, miwani yake ameifunga kamba shingoni, ana maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Habari zilikuwa zimetangulia kwamba Profesa leo anachagua ya kwake mwenyewe, kwa hiyo chumba kilijaa: kinyozi, dereva wa lori, mwalimu mmoja mstaafu na wengine wawili watatu waliokuja kutazama kidole kikishuka. Nikakaa nyuma yao na mkoba wangu mapajani.

Ziliwekwa tatu. Ya kwanza ilikuwa nene, nzito, haina taa nyingi. Mwanamke akaanza kuimba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekula akapumzika. Nilikaa nikaanza kuwaza vifungo nilivyoagiza ambavyo havijafika. Nikashtuka kwamba nilikuwa nimesahau kabisa niko wapi. Kidole cha Profesa kilikuwa juu kama mlingoti. "Matope haya," akasema. "Imelala. Ondoeni." Ya pili ilikuwa vuguvugu, sikumbuki chochote juu yake. Ya tatu ilipowashwa, pigo la kwanza la toazi likaniamsha jino nililozibwa miaka sita nyuma. Nilidhani kuna kosa la waya. Nikamtazama Profesa. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu anayekunwa mgongo, na kidole kilikuwa kinashuka, kinashuka, mpaka kikatua.

"Hii ndiyo," akasema. "Laini. Hata mtoto mchanga analala hapa."

"Kabisa, Profesa," akasema kinyozi, huku kidole chake mwenyewe kinasugua sikio. Niliona. Wote walikuwa wamekunja nyuso, na wote wanatikisa vichwa kukubali.

Nikatoka nikamfuata mwenye duka mezani kwake. "Wewe hiyo unaisikia?" nikamwuliza.

Akatabasamu. Akatazama mlango wa chumba, akainama. "Mama, hiyo imerudishwa na wateja wawili. Hakuna anayekaa nayo wiki. Zikirudi za namna hiyo, sisi tunamngoja Profesa tu."

"Mnamngoja?"

"Profesa hazisikii sauti nyembamba, mama. Zile za juu, zote zimekwenda. Kwa hiyo kilicho kikali kwake ndicho laini." Akavuta mtoto wa meza akatoa CD isiyo na picha. "Hii ni ya kupimia spika. Ina mlio mmoja mmoja, kuanzia mnene mpaka mwembamba. Tulimpima nayo siku moja bila yeye kujua. Miaka minne sasa."

"Na hamkumwambia?"

"Amwambie nani?" akasema, na kwa kweli alikuwa anashangaa. "Na tukimwambia, hizi atazinunua nani?"

Walikuwa wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka minne, wakamvika kilemba cha ukoka na kumnunulia soda, ili awauzie takataka kwa majirani zake. Mtu mwenye moyo mzuri hapo angemwonea huruma Profesa. Mimi sikumwonea. Nilimwona mdogo wangu kibarazani na mpira masikioni, anapitisha uzi gizani, na ndani kuna mwanaume anamwita kuku kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakisikii. Ningeweza kumwita kando nikamwambia taratibu. Najua. Watu wamenikumbusha sana tangu siku ile, kana kwamba nilikuwa sijui.

"Iweke," nikamwambia mwenye duka. "Mlio ule mwembamba. Kwa sauti kubwa."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Au nisimame mlangoni kwako nimweleze kila anayeingia mnachokifanya na mali zinazorudishwa."

Akaiweka. Mimi nikarudi chumbani, nikasema kwa sauti ya kwenye harusi, "Shemeji, imebaki moja. Mwenye duka alikuwa ameificha. Sikiliza kwa makini utuambie kama ni laini."

Profesa akafurahi. Akarekebisha kola, akafumba macho, akainua kidole.

Mlio ule sijui niuelezeje. Ulikuwa sindano. Kinyozi alibana masikio kwa viganja viwili na kuinama hadi magotini. Dereva wa lori, mtu mnene kama gunia, alisema, "Mama yangu!" na kutafuta mlango. Mwalimu alisimama. Mimi machozi yalinitoka. Na Profesa katikati yetu ametulia, macho amefumba, kidole juu, uso mtulivu, anangoja muziki uanze. Tulimtazama. Nadhani ilikuwa dakika nzima.

Kisha akasema, "Wekeni basi. Mnangoja nini?"

Kinyozi ndiye aliyecheka kwanza. Kilikuwa kicheko cha kushindwa kujizuia, kilichopasuka puani, na kikawaambukiza wote. Profesa akafumbua macho. Akatuona tumeziba masikio, wengine tumeinama, vinywa wazi. Akaitazama spika. Akainuka, akaikaribia, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika kama anayempima mtoto homa, halafu akageuka kwangu.

"Inalia?" akauliza.

"Inalia tangu ulipofumba macho, shemeji. Na nyumbani inalia hivyo hivyo. Mwaka wa kumi."

Mwenye duka akazima. Hilo peke yake lingetosha, lakini watu wakishaonja damu hawarudi nyuma. Kinyozi akafuta machozi, akasema, "Kwa hiyo ile yangu! Mke wangu amekwenda kwao mara mbili, nikamwambia ana kisirani!" Dereva akasema ya kwake aliiuza mwezi wa pili kwa bei ya kutupa, akidhani ni yeye hajui muziki. Mwalimu akasema na yeye. Kila mmoja akatoa yake, na kila iliyotolewa ilichekesha kuliko iliyotangulia. Dakika kumi kabla walikuwa wanatikisa vichwa. Profesa alisimama amewapa mgongo, anaisoma spika kama ina maandishi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alitembea hatua mbili mbele yangu na sikumwomba anisubiri. Sikujuta. Nasema kama ilivyokuwa.

Benchi la kinyozi lilijua kabla hatujafika. Wiki iliyofuata walibuni mchezo. Profesa akipita, mmoja anamsalimia kwa kuchezesha midomo tu, bila sauti, na mikono anaitupa kama mtu anayesimulia jambo zito. Profesa anasogea, anainamisha kichwa, anasema, "Ee? Umesemaje?" Hapo benchi zima linalipuka. Walimpata hivyo mara tatu. Baada ya hapo aliacha kupita, na nywele akawa ananyolewa na mke wake. Watu wa kumwita aonje amplifaya hawakuja tena, wala jina la Profesa halikutajwa bila mtu kuchezesha midomo.

Binti yao alimpeleka kwa daktari wa masikio. Alivalishwa visikilizio, akaambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, akakaa na kitufe mkononi muda mrefu bila kukibonyeza. Karatasi aliyorudi nayo ilikuwa na mstari uliokwenda sawa kidogo kisha ukaanguka kama mtu aliyekosea ngazi. Ni mashine za misumari, daktari alisema, na kilichoanguka hakipandi, na kilichobaki nacho kinakwenda, polepole. Tayari maneno ya chini chini hayapati. Kumbe hata sisi tulikuwa tumezoea kumpazia sauti bila kujua.

Jioni ile alimwambia mke wake, "Nenda ukachague wewe."

Mdogo wangu alikwenda na nguo zake za kushona kwenye kikapu. Mwenye duka alitaka amfanyie haraka haraka, dakika mbili hii, dakika mbili ile. Akamwambia hapana. Akataka wimbo ule ule, na sauti iwe sawa kwa zote, isiwe moja imepandishwa ili ionekane bora. Kisha akakaa anadarizi matundu ya vifungo kwa mkono, saa nzima kwa kila moja, mpaka mwenye duka akaenda kula akarudi. "Nilitafuta ile itakayonisahaulisha kwamba ipo," aliniambia. Akaichagua ile nene ya kwanza, iliyoitwa matope. Akanunua na zulia, akashona mapazia mazito, akayatundika mwenyewe. Cherehani ikarudi chini ya dirisha. Nilipoiona pale nilifurahi mpaka nikajisifu, nikasema bila mimi usingekaa hapa. Akasema ni kweli, dada.

Wiki tatu baadaye nikampelekea vitambaa, Jumapili mchana. Nilikuta wako sebuleni wote wawili, yeye kwenye cherehani, mume kwenye kiti karibu na amplifaya. Muziki ulikuwa unapigwa, na ulikuwa mzuri. Nasema hivi ili ieleweke: ulikuwa wa upole, wa kiasi, mtu angeweza kuzungumza juu yake bila kupaza sauti. Nikaketi, nikapewa chai.

Profesa akamwuliza mke wake, "Iko sawa?"

Mdogo wangu alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Ina makali kidogo, mzee."

Akainuka mbio, mzee yule, akaenda kuzungusha kitufe cha sauti. Ni kitufe kikubwa kisicho na namba. Akapunguza, akamtazama. "Hivyo?"

"Bado."

Akapunguza tena. Nilidhani mdogo wangu ana siku mbaya ya kichwa. Nikamtazama usoni. Kichwa hakikuwa kinamwuma hata kidogo. Alikuwa anapindisha upindo wa gauni, ametulia.

"Sasa?"

"Inanichoma hapa," akasema, akagusa utosi, bila kuinua macho.

Akapunguza tena. Sasa mimi mwenyewe nililazimika kutega sikio, na nilijua kwamba kwake yeye wimbo ulikuwa umekwisha kitambo. Bado alikuwa ameinama pale, vidole kwenye kitufe, anamtazama mke wake mdomoni kama wanavyotazama viziwi.

"Kidogo tena, mzee. Wewe huwezi kujua, ila mimi inaniumiza."

Akazungusha mpaka kitufe kikagoma. Sebuleni hakukubaki sauti isipokuwa ya gurudumu la cherehani.

"Hapo," akasema mdogo wangu. "Hapo sasa ni laini."

"Nilijua tutaipata tu," akasema mume wake. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa wima, mikono magotini. Baada ya muda akageuka kwangu. Sikio lake alilielekeza kwangu, si uso.

"Shemeji, na wewe unaisikia?"

Cherehani ikasimama. Mdogo wangu akainua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimlee mgongoni mwangu, nilimwogopa. Niliona aibu pia, aibu iliyopanda mpaka masikioni. Ningeweza kusema neno moja. Mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno ulikuwa umejaa chai. Nikameza.

"Naisikia," nikasema kwa sauti kubwa, ili anipate. "Ni laini sana, shemeji."

Akanishukuru. Mdogo wangu akakanyaga cherehani ikaendelea, na yule mzee akaanza kugongagonga mguu kwenye zulia, taratibu, akijitahidi asiukose wimbo.